Majina Yaliyozama Tongoni

Baba yangu alikuwa mtu wa Sultani, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa la sita nikiwaeleza watoto jinsi Sultani na wafuasi wake walivyowanyonya watu wa visiwani, na mchana nikarudi nyumbani Nguvumali, Tanga, kumpikia mmoja wa wafuasi hao wali na mchuzi wa samaki changu. Tuliishi hivyo miaka mingi. Tuliweza kwa sababu kila mmoja alijua pa kunyamaza.

Ugomvi mkubwa ninaoukumbuka ulikuwa wa kitambaa cha meza. Nilinunua sokoni Ngamiani kitambaa cha plastiki, chekundu tupu, kwa kuwa kilikuwa kinafutika kirahisi. Baba alipokiona alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta jeneza sebuleni. "Hii ni rangi ya bendera ya Sultani," akasema. "Mimi siweki sahani ya dagaa juu ya bendera." Nikamwambia, baba, hii ni plastiki ya Kichina, haimjui Sultani wala Sultani haijui. Alikula wiki nzima sahani ikiwa mapajani, mpaka nikashindwa, nikanunua kitambaa cha kijani. Siku zile nilimwona mzee mkaidi anayeomboleza kiti ambacho hakuwahi hata kukikaribia. Leo ningemtandikia nyumba nzima nyekundu kama ingesaidia kitu.

Nitaeleza nilichokifanya, na nitakieleza bila kujipendelea, maana nimechoka kukibeba.

Baba alizaliwa Pemba, kwenye nyumba ya wakulima wa karafuu na mpunga, akawa mshairi kabla hajaota ndevu. Ujanani alitunga shairi refu la kumsifu Sultani, likasomwa mbele za watu siku ya Idi, akatuzwa kanzu. Mapinduzi yalipokuja, baadhi ya waliopiga makofi siku ile ya Idi ndio walioonyesha nyumba yake. Yeye hakuyaita mapinduzi. Aliyaita vita. Alisema jirani akimwinulia jirani yake panga, hivyo ni vita, hata vikiisha kabla chungu hakijapoa. Alichukuliwa akiwa na kofia aliyokuwa akiidarizi, sindano bado imechomekwa.

Jela aliyofungwa haikuwa na kalamu wala karatasi kwa watu kama yeye. Chumba kimoja, wanaume wengi, na kila baada ya muda mmoja aliitwa jina, akatoka, asirudi. Wengine hawakuitwa, walikufia humo humo kwa kuhara na homa. Baba akaanza kumtungia kila mmoja ubeti wake: jina lake, la baba yake, kijiji chake, na siku aliyotolewa au aliyofia humo. Akauweka kwenye kiungo cha kidole. Mkono wa kulia una viungo kumi na vinne, viwili vya dole gumba na vitatu vitatu vya vidole vingine, ndivyo tunavyohesabia tasbihi. Walipofika kumi na wanne, baba akaachiliwa huru. Alisema hakujua angewaweka wapi kama wangezidi.

Alipovuka kuja Tanga, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa daftari. Akaandika yote kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo alizofundishwa kuandikia Kiswahili, na kwa kuwa aliona askari wengi hawazisomi. Kisha akalifungia kwenye sanduku la bati, akaanza kazi ya cherehani, akamwoa mama yangu, binti wa Kidigo, akatuzaa. Hakulisoma mbele ya mtu. Familia mbili tatu alizozipata alizipelekea salamu kwa mdomo, nyingine hakujua zilikimbilia wapi. Nilipokuwa mdogo alinionyesha daftari lile mara moja, kwa mbali, lina jalada la bluu. Ubeti wa kwanza alitufundisha, tukauimba uani kama wimbo wa kuruka kamba bila kujua ni wa nini:

*Kalamu sina na wino,*
*naandika kwa maneno,*
*shahidi wangu mikono,*
*na Mola atusikia.*

Sikumwomba anifundishe ubeti wa pili. Ningemwomba vipi? Nilikuwa mwalimu wa serikali.

Masika ya mwaka mmoja bati la chumba chake lilivuja. Macho yake yalikuwa yameshakufa kwa presha ya macho, alikuwa akiishi kwa kupapasa ukuta. Nilipofungua sanduku nikakuta maji yameingia na mchwa wametangulia. Ndani mlikuwa na juzuu za zamani alizosomea, kurasa za msahafu uliokatika mgongo, na furushi la karatasi zisizo na jalada, zote zimeshikana, zote za herufi zile zile. Mimi nilisoma chuo cha Kurani nikahitimu, lakini nasoma herufi zilizotiwa irabu. Mwandiko wa haraka, mtupu, hauniambii kitu. Niliangalia ukurasa wa juu wa furushi lile, nikaona Bismillahi. Hilo nililisoma vizuri sana. Likanitosha.

Kila mtu wa kwetu anajua maandiko ya Mungu yakichakaa hayatupwi jalalani. Yanachomwa, yanazikwa, au yanazamishwa baharini mahali pasipokanyagwa. Niliyafunga yote katika kitambaa cheupe pamoja na mawe matatu, nikayapeleka Tongoni kwa ndugu wa marehemu mume wangu. Shemeji akaniingiza kwa mtumbwi mpaka ndani ya mikoko. Kabla hajalipokea furushi akaniuliza, "Shemeji, umeyapitia yote?"

Nikamjibu, "Mimi ni mwalimu."

Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu kama mtu aliyetoka kulipa nadhiri. Baba nilimwambia tu kwamba nimeanika sanduku. Akanishukuru.

Bibi mmoja alikuja baada ya mvua kwisha. Alibisha hodi asubuhi, peke yake, mwembamba, kanga zimepigwa pasi, ameshika mfuko wa mchele wa zawadi. Alimwelekea baba barazani. "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sauti ya kwetu hiyo."

"Ya kwetu. Miye n'mzaliwa wa Pemba, ila Mwera ndiko n'likozeekea. N'mesikia msibani kwamba weye ulitoka jela ile. Mume wangu aliingia, sikumwona tena."

Walikuwa wameoana miezi mitatu tu alipochukuliwa. Kaka yake akamvusha bara, wakalima Mwera, kaka akafa, yeye akabaki. Wengine walimshauri amwendee kadhi afunguliwe, na kadhi akamwambia anaweza kuolewa. "N'kamwambia sikuja kuomba mume. N'mekuja kuuliza nilonae yuko wapi." Hakuna aliyemwambia amekufa, hakuna aliyemwambia yu hai. Hakukaa eda hata siku moja. Alichotaka ni kujua siku. Akiijua atamsomea mumewe hitma kwa jina lake, kisha atakaa ndani miezi minne na siku kumi, hata mashekhe wakimwambia muda wake ulipita zamani. "Baada ya hapo Mungu anichukue akitaka. Lakini sitaki kufa sijui n'mjane au n'mke wa mtu."

Baba akamuuliza jina la mumewe. Akalitaja. Baba akafumba macho yasiyoona, kidole cha mkono wa kushoto kikaanza kutembea juu ya viungo vya mkono wa kulia, polepole, kikasimama kwenye kidole cha kati.

"Limo," akasema. "Limo, la baba yake limo, na siku. Siku ndiyo sitaki kukudanganya kwa kichwa hiki. Mwanangu, lete daftari."

Niliingia chumbani nikafungua sanduku. Mlikuwa na mkasi wake wa kushonea na harufu ya nondo. Ndipo nilipoelewa zile karatasi zisizo na jalada zilikuwa nini. Nilikaa chini. Nilimsikia baba barazani akimwambia bibi yule kwamba binti yake ni msomi, atamsomea mara moja.

Nikatoka nikasema ufunguo siuoni.

Bibi hakukasirika. Akasema atarudi akishavuna mpunga, haraka ya nini, amengoja maisha yote. Mchana ule ule nilikwenda Tongoni. Maji yalikuwa yametoka, tukatembea kwenye tope na shemeji mpaka pale, tukalipata furushi. Kitambaa kilikuwepo, mawe yalikuwepo. Karatasi zilikuwa uji. Nilizikusanya mkononi zikanipita vidoleni. Shemeji aligeuka akaangalia upande wa magofu ya kale ya pale mpaka nilipomaliza kulia.

Ningeweza kumwambia baba siku ile. Bado alikuwa na akili zake nyingi, pengine angekaa akachokonoa, angepata saba, angepata watatu, angepata yule mmoja. Nimejiuliza mara elfu kwa nini sikumwambia, na jibu ni moja na ni baya: niliona aibu. Mwanamke mzima, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Badala yake nikafanya ujanja. Kila siku baada ya alasiri tulikaa barazani, nikamwambia ufunguo umepatikana, nikashika daftari la shule, nikajifanya namsomea lake. Nilijiambia nikisoma ubeti wenye jina la uongo, atakataa. Atasema, siye huyo, ni fulani, nami nitaandika la kweli. Mwanzo kulikuwa na matumaini. Akigusa kiungo alikuwa akitoa vipande: huyu alikuwa akikohoa, huyu alikuwa na mke mjamzito, huyu alinipa nusu ya muhogo wake. Majina hayakuja. Basi nikatunga ubeti kwa ajili ya mwenye kukohoa. Jina nikalitoa kichwani, kwenye mahudhurio ya wanafunzi niliowahi kuwaita miaka yote ile. Watoto wa Nguvumali walio hai mpaka leo, mmoja anaendesha bodaboda, mmoja ni muuguzi, niliwaua mmoja mmoja jela kwa kalamu ya bluu.

Na baba alisahihisha. Hilo ndilo linalonichoma. Alisahihisha mizani.

"Hapo umesoma tisa," alikuwa akisema. "Mshororo una mizani nane. Soma tena." Nikisoma tena kwa nane anatikisa kichwa, anaridhika. Kina kikipwaya ananipa neno lingine. Jina la mwanafunzi wangu likiwa refu, analikata kwa ustadi, analilaza mahali pake likakaa kama limezaliwa hapo. Mshairi alikuwa mzima kabisa ndani yake. Aliyekuwa akiondoka ni yule mfungwa. Siku ya tatu aliniomba nirudie ubeti wa jana, na nilipokosea neno akanimalizia yeye, kwa moyo, akiwa amebonyeza kiungo cha dole gumba.

Hapo ningeacha. Sikuacha, kwa kuwa alikuwa na furaha. Nitalisema wazi: sikuwahi kuwa karibu na baba kama miezi ile miwili. Tulicheka. Alinifundisha mambo ya utunzi ambayo vitabu vyangu vya ualimu havikuwa nayo. Mtu niliyemkimbia maisha yangu yote alikuwa amekaa mbele yangu ananifundisha kazi yake, nami nilikuwa namfuta.

Jina la mume wa bibi wa Mwera nililiogopa. Nilikuwa nalo, bibi mwenyewe alilitaja, na baba alisema limo. Lakini siku yake sikuijua, na kuandika siku ya kifo cha mtu kwa kubahatisha, mkewe akae eda kwa bahati yangu, nilishindwa. Nikangoja baba alitaje mwenyewe. Nikalingoja, nikalingoja, nikawa namwekea wengine tu, mpaka wiki ya mwisho ya mavuno nikapata ujasiri, nikamsomea ubeti wenye jina lile, bila siku.

Baba alisikiliza. Kidole kikatembea kuanzia dole gumba mpaka kidole cha mwisho, kikarudi, kikatembea tena.

"Mkono umejaa," akasema. "Huyu umemtoa wapi?"

"Baba, ni yule mume wa bibi wa Mwera. Ulisema yumo."

"Wapo kumi na wanne. Mtu hana viungo kumi na vitano." Akanihesabia wote, majina yangu yote kumi na manne, bila kusita. Kwenye kidole cha kati, pale kilipokuwa kimesimama siku ile, palikuwa na mtoto aliyekuwa akikaa dawati la mbele akiuma penseli.

Bibi alirudi siku mbili baadaye, na mchele mpya. Nilitaka kumzuia mlangoni. Nilitengeneza chai badala yake. Baba alivalishwa kanzu, akaketi, akakohoa kidogo kama wanavyofanya watunzi, akaanza. *Kalamu sina na wino.* Nitakuwa muongo nikisema haukuwa utenzi mzuri. Jirani aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga. Ubeti baada ya ubeti, kila jina limekaa, kila kina kimeitikia, na bibi yule ameinama mbele, mdomo umefunguka kidogo, anasubiri kila jina linalokuja kama mtu anayesikiliza orodha ya waliofaulu. Kiungo cha kumi na nne kikafika. Baba akafunga mkono.

Bibi akasema taratibu, "Na wangu, kaka?"

"Hakuwemo."

"Mara ile ulisema limo."

"Nilisema?" Baba akakunja uso. "Basi nilichanganya, ndugu yangu, uzee. Sasa nimesomewa daftari, mambo yamekaa sawa. Ningemsahau miye mtu niliyelala naye sakafu moja?" Kisha akageukia niliko. "Si ndivyo, mwanangu? Si umenisomea lote?"

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Bibi alinitazama. Baba, ambaye haoni, alinitazama.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Lote."

Nilidhani bibi atalia. Alishika mashavu yake kwa mikono miwili, na uso wake ukafunguka, nikaona sura aliyokuwa nayo siku ya harusi yake, naapa niliiona. "Basi hakufa jela," akasema. "Basi walimtoa hai." Akaanza kucheka. Akamshika baba mkono, mkono ule ule wa kulia, akaubusu. Akasema wengi walikimbilia Arabuni, wengine Mombasa, watu wanapotea siku hizi wanapatikana kwa simu. Baba akamwambia, Inshallah.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Ni njia ndefu kwa mguu na alitaka kutembea. Nilikuwa na nafasi kila hatua. Nilikuwa na kila neno tayari: mama, daftari nililizamisha, majina yale ni ya wanafunzi wangu, baba alipokuwa na akili zake alisema mumeo yumo na kidole kilisimama hapa. Yeye alikuwa akiniuliza kama nywele zake za mvi anaweza kuzitia hina, au watu watamcheka. Nikamwambia azitie tu.

Baba bado yu hai. Hanijui tena mimi ni nani, ananiita dada, lakini utenzi anao. Anausoma alfajiri, anausoma adhuhuri, anabonyeza vidole, hakosi mizani hata moja. Wale kumi na wanne wa kweli hawapo tena popote duniani, si kwenye karatasi wala kwenye mkono ule. Wengine wameniuliza kwa nini katika maandishi haya sikutaja jina la mtu. Sina la kutaja.

Bibi wa Mwera hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala, kwa simu ya mpwa wake. Anasema mumewe akitokea Tanga lazima atafikia kwa Wapemba, na sisi ndio Wapemba alioelekezwa. Salamu zake ni fupi, anaogopa kumaliza salio la mtu.

"Hajatokea?"

"Bado, mama."

"Akija mwambie nipo Mwera. Mwambie sijaolewa."

Nasema nitamwambia.